Yuwaja, Anakuja, Ako Njiani: Kisa cha Nafsi ya Tatu katika Nyumba Moja ya Mombasa

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, robo saa hivi kabla ya adhana ya magharibi, katika nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Kaimati zimeshatolewa mafutani, mihogo ya nazi imepakuliwa, kilichokosekana ni barafu tu. Mjomba alikuwa ametumwa barafu tangu alasiri. Mtoto akapiga kelele kutoka ghorofani: "Mjomba yuwapi?"

"Yuwaja," akajibu nyanya, macho yasiondoke kwenye sahani ya tende aliyokuwa akiipanga.

"Anakuja," akasema binti yake aliyekuwa jikoni, karibu sauti moja na mamake.

"Ako njiani," akasema mjukuu, kijana wa kidato cha nne, ameinamia simu yake.

Hakuna aliyecheka wala aliyemsahihisha mwenzake. Mimi mgeni, mwenye njaa yangu, ndiye niliyebaki nikiyageuza majibu yale matatu kichwani hadi adhana ikaingia. Anayengojwa ni mmoja na nyumba ni moja. Lugha nayo, ukimuuliza yeyote kati yao, atakwambia ni Kiswahili. Lakini kile kipande kidogo cha mwanzo wa neno, kinachomtaja mtu asiyekuwapo, kilikuwa kimeshabadilika mara mbili kati ya nyanya na mjukuu wake: mara ya kwanza kwenye kitenzi, mara ya pili kwenye -ko. Nikakaa na watu hawa majuma mawili, nikawa nasikiliza. Haya ni niliyoyasikia, na ninavyoyaelewa.

Tuanze na nyanya. Amezaliwa kisiwani, amesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani na darasa chache za skuli, kisha akaolewa. Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, hakijachujwa. Kitenzi cha wakati uliopo kwake huenda hivi: nataka, wataka, yuwataka, twataka, mwataka, wataka. Ukikitazama kwa makini utaona nafsi zote zinatumia -a- ileile. "Ni" ikikutana na "a" inakuwa "na", "tu" ikikutana na "a" inakuwa "twa". Nafsi ya tatu ya umoja ndiyo ya peke yake. Kiambishi chake cha kawaida, a-, kikikutana na -a- kinamezwa chote, inabaki "ataka". Kiunguja kiliridhika na hiyo "ataka". Kimvita kikaenda kumtafuta ndugu mwingine wa nafsi hiyo, yule yu- tunayemjua sote kwenye "huyu", "yule", "yupi" na "yuko", kikamweka mbele. Yu- na a- hazimezani, kinaingia kiwiko cha w katikati, na neno linasikika wazi: yuwataka, yuwala, yuwaja. Wengine huandika "yuaja", sikio halitofautishi.

Sitaki kukipamba Kimvita kupita kiasi. Mwenye macho ameshaona kwamba katika orodha ile "wataka" imetokea mara mbili, ya wewe na ya wao. Mtu akikwambia "wataka nini?" hujui anakuuliza wewe au anaulizia wale waliosimama mlangoni, mpaka umwangalie anaelekea wapi. Hapo -na- ya Kiunguja ina faida: unataka, wanataka, na shaka haipo. Wala yu- ya nyanya haikutawala kila mahali. Akisimulia mambo ya jana husema "alikuja", ya kesho "atakuja", kama mtu wa Unguja au wa Dodoma. Yu- ilikuwa na shamba lake dogo tu, la wakati uliopo na la mahali mtu alipo. Kisa chenyewe ni cha shamba hilo.

Namna lilivyopotea inajulikana, na sehemu kubwa ya habari hiyo ilitendeka hapahapa mjini. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Kiswahili alichokiandika ni hiki cha Mvita. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Huku Unguja, Edward Steere alikuwa ametoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, na Kiunguja ndicho kilichokuwa kimeshasafiri na misafara ya biashara hadi bara, kikaingia katika shule na ofisi za Tanganyika. Serikali za kikoloni zilipotaka Kiswahili kimoja cha vitabu, mkutano wa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi. Mkutano huo ulifanyika Mombasa. Nikimhadithia nyanya habari hiyo alisema, "Wametuamulia kwetu, na chai yetu wakanywa." Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, ikapewa mamlaka ya kuvipitia vitabu vya shule kabla havijachapwa. Kitabu chenye "yuwaja" kisingepita bila kusahihishwa. Haikuhitajika sheria ya kuipiga marufuku; ilitosha isichapwe.

Kwa miaka mingi hilo halikumgusa sana mtu wa Kibokoni, kwa kuwa vitabu vilikuwa huko na maneno yako huku. Nyanya hakuulizwa na mtu yeyote kama anachosema kinaandikika. Mambo yalibadilika mwaka 1985, Kenya ilipoanzisha mfumo wa elimu wa 8-4-4 na kukifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa. Binti wa nyanya aliingia darasa la kwanza mfumo huo ukiwa bado mpya. Hapo ndipo nafsi ya tatu ya nyumba hii ilipokutana na kalamu nyekundu.

Mama huyu amehifadhi baadhi ya madaftari yake ya zamani ndani ya sanduku la mvule, akanionyesha. Insha moja inaanza kwa kueleza asubuhi ya nyumbani: mama yuwapika, baba yuwasoma Kurani. Kila yuwa- imezungushiwa duara, na pembeni pameandikwa "ana-". Ukurasa wa pili maduara ni machache. Insha ya muhula uliofuata haina hata moja. Nilipomuuliza kama aliumia, aliinua mabega. "Nilijua vile nyumbani na vile vya skuli," akasema. "Kama viatu. Huingii navyo ndani."

Mfano huo wa viatu nimeufikiria sana, na mwanzoni ulinipotosha. Nilidhani mambo ni mepesi: shule imeleta -na-, -na- imefukuza -a-, na yu- imezama pamoja na jahazi lililoibeba, kwa sababu yu- haikai mbele ya -na-. Sijamsikia nyanya akisema "yunakuja" hata mara moja. Kwa hiyo, nikajiambia, hapa hakuna suala la nafsi. Ni suala la wakati wa kitenzi. Nilikuwa tayari kulifunga daftari langu.

Kisha nikamsikiliza mama mwenyewe akizungumza na muuza samaki mlangoni. "Nataka nguru," akasema. "Hiyo wauzaje?" Kisha, "Twaja kuchukua baadaye." Halafu akamgeukia mwanawe: "Mwambie nyanya anauza kwa kilo, si kwa kipande." Nataka, wauzaje, twaja: zote ni za -a-, ya Kimvita kitupu. Nafsi ya tatu peke yake ndiyo imekuja na -na-. Jahazi halikuzama. Jahazi linaelea, na abiria mmoja ndiye aliyetupwa majini.

Kwa nini yeye? Jibu langu ni kwamba kalamu nyekundu haikuwa na ugomvi na "nataka" wala "twaja". Hizo ni sanifu pia. Mwalimu kutoka popote huzikubali. Wala -a- haijafa katika maandishi. Fungua gazeti lolote la Kiswahili usome vichwa vya habari: "Rais ataka", "Waziri aonya", "Mbunge akana". Wahariri wanaipenda kwa ufupi wake. Lakini hutaona "Waziri yuwaonya" hata siku moja. Katika orodha nzima ya vitenzi vya nyanya, pahali panapomtambulisha kuwa mtu wa Mvita ni hapo pa yuwa-, na hapo ndipo palipozungushiwa duara. Lugha kuu haikuubadilisha mfumo wote wa binti huyu. Ilimfundisha ni wapi anaonekana, naye akapafunika hapo, kwingine akaacha kama kulivyo. Hivyo leo vitenzi vyake vinakwenda: nataka, wataka, anataka, twataka. Kiraka kimoja katikati ya kanzu ya mamake.

Na kiraka chenyewe hakikai wakati wote. Akizungumza na nyanya peke yao, usiku, redio imezimwa, yuwa- hurudi. Hurudi pia akikasirika. Siku mwanawe alipochelewa kurudi nilimsikia barazani, "Yuwazurura tu huyo, yuwazurura!" Hiyo haikupita shuleni kwanza.

Hapa niseme jambo linalonikera kidogo. Mwanafunzi wa Kenya anapofika sekondari hukutana na Kimvita tena, safari hii kwa heshima zote. Katika karatasi ya Fasihi ya mtihani wa kidato cha nne, ile 102/3, huulizwa ataje uhuru wa mshairi, yaani ruhusa yake ya kukiuka kanuni za lugha, naye huandika: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi, na matumizi ya lahaja. Shairi likiwa na "yuwaja", huo ni uhuru wa mshairi, anapata alama. Katika karatasi ya Insha, 102/1, neno lilelile ni kosa, anapoteza alama. Mjukuu wa nyumba hii ananiambia alilipatia jibu la lahaja katika mtihani wa majaribio, na mfano alioutoa ni neno ambalo nyanya yake hulisema kila siku akiomba chumvi. Anamhesabu nyanya kama mshairi. Sijui kama nyanya angefurahi.

Sanifu, kwa haki yake, si bahili kwa maneno ya kaskazini. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, alilileta neno "runinga", yaani televisheni, na leo watangazaji wa Kenya hulitamka bila kujiuliza limetoka lahaja gani. Nomino hukaribishwa. Kiambishi cha nafsi hakikaribishwi, na sababu nadhani ni hii: neno jipya hukaa pembeni mwa mengine bila kumhamisha mtu, ilhali kiambishi kikiingia lazima kingine kitoke, na sarufi yote ya kitabu cha darasa la tatu iandikwe upya.

Nimesema yu- ilikuwa na shamba la sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, ya kitenzi, sanifu iliichukua. Sehemu ya pili, ya mahali na hali, sanifu iliiacha kama ilivyo, tena ikaitetea: yuko, yupo, yumo, yu hai, yu tayari. Hata Biblia ya Kiswahili inasema "Bwana yu karibu". Kwa hiyo mwanafunzi aliyekatazwa "yuwaja" asubuhi angeweza kusahihishwa alasiri kwa kukosa kuandika "yuko". Mwalimu wake hakuwahi kumwambia kwamba ni yu- ileile. Nadhani hakuna aliyemwambia mwalimu.

Sasa ameingia mjukuu, na huyu ana lugha kuu mbili, wala si moja. Moja ni sanifu ya mtihani. Ya pili ni Kiswahili cha Nairobi, ambacho hakina kamati, lakini kina muziki, vichekesho vya simu, matatu, na vijana wenzake. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 1.2 katika kaunti ya Mombasa; waliolelewa na nyanya wa Kimvita ni sehemu tu ya hao. Darasani kwake, anasema, anayesema "yuko" wakati wa mapumziko huulizwa kama anasoma taarifa ya habari.

Nairobi wamesema "ako", na wataalamu wengi wa Kiswahili wakilisikia neno hilo hukunja uso kama aliyemeza mwarobaini. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini litazame. Niko, uko, tuko, mko, wako: nafsi tano zinatumia kwenye -ko kiambishi kilekile zinachotumia kwenye kitenzi. Nitakuja, niko. Tutakuja, tuko. Nafsi ya tatu ya umoja ndiyo inayoleta fujo: atakuja, lakini yuko. Mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani, au aliyelelewa na waliojifunza ukubwani, atanyoosha hapo bila kuagizwa: atakuja, ako. Ni sarufi iliyopigwa pasi. Kinachochekesha ni kwamba nyanya naye, upande wa pili, alikuwa ameinyoosha kwa wakati uliopo: yuwaja, yuko. Nyanya ana mpango na mjukuu ana mpango, kila mmoja kwa kiambishi chake. Sanifu, iliyokaa katikati na kuitwa sahihi, ndiyo yenye viambishi viwili kwa mtu mmoja wa sasa: anakuja, yuko.

Kwa kijana huyu, basi, yu- imeondoka shamba lote. Amebaki nayo kwenye "huyu" na "yule", na nyakati za mtihani. Mara ya kwanza alipomtumia nyanya ujumbe wa sauti, "Mamake Fulani ako hapa", nyanya aliurudia mara mbili kisha akauliza, "Ako ndiye nani?" Alidhani ni jina la mgeni. Mpaka leo, katika nyumba hiyo, mtu asiyejulikana amekwenda wapi huitwa Bwana Ako.

Kuna vitu vingine vilivyokwenda na upepo huohuo, nitavigusa tu. Nyanya husema "siswi", binti yake "sisi", mjukuu "sisi", na hapo hapana kisa kirefu. Maneno mawili yanayofanana, moja likazidiwa. "Mamiye" na "babiye" zimekuwa "mama yake" na "baba yake", ingawa mama hurudi kwenye "mamiye" akisimulia habari za harusi za zamani. Kilichosimama imara kuliko vyote ni ile -ni ya mwisho inayowatenga nyinyi na wao. Nyanya husema "nakwambiyani", mama "nawaambieni", na kijana naye, akiwakemea wadogo zake, husema "nawaambieni mtulie". Bila -ni hiyo "nawaambia" inaweza kuwa nyinyi au wao, na mkemeaji hawezi kumudu shaka ya namna hiyo. Sanifu haikuigomea, Nairobi haikuicheka. Haijawahi kumfichua mtu ametoka wapi, na nadhani ndiyo maana ikaachwa iishi.

Jambo moja la kijana huyu lilinizuia nisimhukumu. Yuwa- anayo. Anaitumia akimwigiza nyanya, na huiigiza vizuri sana, na kile kiwiko cha w pamoja na mkono kiunoni. "Huyu mtoto yuwala kama ana matumbo mawili!" Wote huangua kicheko, nyanya wa kwanza. Sarufi yake haina kosa hapo. Hasemi "yuwakula", kama angesema mtu wa kubahatisha, kwa kuwa anajua pasipo kufundishwa kwamba -a- haitaki ku-. Mtu hawezi kuigiza hivyo lugha asiyokuwa nayo. Anayo, lakini ameiweka kwenye mdomo wa mtu mwingine, na siku mtu huyo atakapoondoka sijui ataisema kwa sauti ya nani.

Nami nisijifanye msafi. Mimi ni mzaliwa wa kisiwa hikihiki, na nyanya yangu alisema "yuwaja" kama huyu. Rudi juu uhesabu ni mara ngapi nimeandika "anasema" na "ananiambia" kwa sauti yangu mwenyewe. Kila nilipofika hapo kidole kilikwenda chenyewe kwenye a-. Nilijaribu aya moja kwa yuwa-, nikaisoma, nikaona nimekuwa kama mwenye kuvaa kikoi cha utalii, nikaifuta.

Turudi kwenye barafu. Adhana ilikuwa haijaanza bado nilipomsikia mtu akihangaika na komeo la mlango wa chini. Ngazi za nyumba zile ni za mbao na kila hatua ina sauti yake, kwa hiyo kabla hajaonekana walishamjua. Nyanya aliinua kichwa, mama akatoka jikoni akifuta mikono kwa leso, kijana akaweka simu chini. Wote watatu, kwa pamoja, wakamjibu yule mtoto wa ghorofani kwa neno moja.

"Amefika."